Uwanja wa Ndege, Barabara ya Kumi na Nne

Kwa chokaa iliyobaki ya kiwanja cha mpira
nikauchora uwanja wa ndege uani kwetu, Ngamiani,
kati ya kisima na banda la kuku.
Shangazi Mwanakombo akasimama penye mstari,
mkoba begani, pasi ya kusafiria kifuani,
akauliza: "Viatu navua, kama naingia msikitini?"

Ule wa Dar niliufagia miaka miwili.
Naujua kwa urefu wa ufagio, kwa madoa yake,
kwa pale watu wanapolia na pale wanapotupa chupa.
Nikamwambia: hapa ndipo mizani.
Si kama hapa kwetu, ndege ndogo,
nawe mwenyewe unapandishwa juu
na kijana anasoma kilo zako kwa sauti, kama mnada wa samaki.
Kule watapima sanduku tu.

Hapa weka simu, bangili, mkoba,
juu ya kanga anayoivuta Zamda, mtoto wa jirani, mdogo mdogo.
Na maji hayapiti, shangazi. Wala mafuta ya nazi.
"Mafuta ya nazi yamemkosea nani?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa mfagiaji, si serikali.

Ngazi zinazopanda zenyewe hazichoreki.
Nilimshika mkono tukapanda hewa,
akacheka mpaka ushungi ukamwanguka,
kuku wakatupisha.

Kisha chakula. Nilimwambia kweli:
chai kikombe kimoja, bei ya kilo mbili za sukari;
sambusa imelala ndani ya kioo kama mgonjwa.
Funga mkate wako wa ajemi, na usione haya kuula.
Wenye haya niliwakuta chooni, wakinywa maji ya bomba.

"Na kule penye mapazia na viti vya ngozi?"
Kule ni kwa wenye kadi. Mimi niliingia na ndoo.
Naweza kukusimulia zulia lake, na makombo:
kokwa za zeituni,
keki iliyong'atwa mara moja ikaachwa.
Akanyamaza. Kisha:
"Keki nzima?"
Keki nzima, shangazi.

Nilidhani milango ndiyo itakayomtia hofu,
namba moja, namba mbili, hadi huko,
na zinabadilishwa mtu ameshakaa.
Lakini huyu alizaliwa barabara ya saba,
akaolewa ya kumi na moja, akaachikia ya tisa,
anazeekea ya kumi na nne.
Akanitazama kama nimemtukana:
"Namba ndio unifundishe mimi?"

Alhamisi alfajiri bajaji ya Sempombe ikamchukua.
Jioni simu ikalia. Nyuma yake kipaza sauti kinaita majina.
"Niko ya sita. Walinipeleka ya kumi na mbili, wakanirudisha.
Yote kwa mguu, na hakuna hata baiskeli moja!"
Mafuta walimkatalia, maana aliyabeba vilevile.
Basi akajipaka yote palepale, mikono, miguu, visigino,
akampaka na askari wa kike viganja,
vilikuwa vimepauka, maskini.
Foleni ikangoja.

"Na hapa, mwanangu, kila mtu waja leo waondoka leo,
na hakuna anayewasema."
Halafu: "Wanatuita."
Muscat, mjukuu ana siku tisa.

Asubuhi nikashika ufagio.
Nikaondoa mizani, nikaondoa ngazi ambazo hazikuwapo,
nikamfukuza jogoo mlango wa nne.
Pembeni nilikokuwa nimeandika WANAOWASILI
sikufagia. Nikapazunguka,
kama tulivyokuwa tukiwazunguka usiku
waliolala sakafuni, kichwa juu ya mzigo.